Kasuku wa Thamani: Bei Yake Hailipwi na Mnunuzi Peke Yake



Mwezi huu twajibu swali lililotufikia kutoka Muleba. Kijana mmoja, ambaye zamani alikaa mbele yetu chuoni akisoma, ametuandikia ya kwamba ameona katika simu picha za kasuku wakubwa wenye rangi za ajabu, wekundu na wa buluu na wa manjano, wamekaa juu ya mabega ya matajiri wa Ulaya na wa nchi za Ghuba, na bei zao zatajwa kwa maelfu ya dola. Akaendelea kusema kwamba yuko mtu aliyemwambia kuwa hata kasuku wetu wa kijivu hupatikana ng'ambo ya mpaka kwa fedha kidogo, na kwamba akivushwa na kufikishwa kwa wanunuzi huleta faida kuliko magunia ya kahawa. Basi kijana wetu ameuliza mambo matatu. La kwanza, kwa nini ndege hawa ni ghali namna hiyo? La pili, kuna ubaya gani mtu kufuga nyumbani kiumbe kizuri alichokiumba Mwenyezi Mungu? La tatu, je, atie akiba yake katika biashara hiyo?

Tumeona vyema kumjibu katika ukurasa huu badala ya kumwandikia peke yake, kwa sababu twajua kuwa vijana wengi wa Bukoba, Muleba na Missenyi huona picha hizo hizo na kusikia maneno hayo hayo. Nasi hatupendi kumkataza mtu jambo kwa ukali bila ya kumpa sababu. Mtu akatazwaye bila sababu hungoja mwalimu ageuze kisogo. Lakini aliyefahamishwa hujikataza mwenyewe.

KWA NINI NI GHALI?

Kasuku wale wakubwa wa katika picha si ndege wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini na nchi za Amerika ya Kati, na watu wa Brazil huwaita arara. Wako wa namna nyingi. Yuko mwekundu mwenye manjano na buluu mbawani; yuko wa buluu mgongoni na manjano kifuani; na yuko mkubwa wao wote, ambaye mwili mzima ni wa buluu iliyokoza, na kuzunguka jicho na pembeni mwa mdomo ana mstari wa manjano kama aliyepakwa wanja wa dhahabu. Huyu wa buluu urefu wake, toka kichwani hata ncha ya mkia, wafikia mita 1, na hapana kasuku arukaye aliye mrefu kumpita. Mdomo wake huvunja kokwa za michikichi ya kwao ambazo sisi tungezivunja kwa nyundo.

Basi mtu akimwona ndege kama huyu anamkaribia bwana wake, anainamisha kichwa apapaswe, anaitika jina lake, si ajabu moyo wake ukatamani. Sisi hatumlaumu mtu kwa kupenda kizuri. Na huko Marekani arara mmoja wa buluu huuzwa kwa dola 10,000 na kupita, yaani yapata shilingi milioni 25 za kwetu. Kwa fedha hiyo mtu wa Kamachumu au Nshamba aweza kununua shamba la migomba na kahawa.

Lakini wahenga wamesema, usione vyaelea, vimeundwa. Bei hiyo haikushuka kutoka mawinguni. Arara wa buluu hutaga yai moja au mawili, mara chache matatu, na aghalabu ni kinda mmoja tu anayekua hata akaruka. Hajengi kiota cha vijiti kama kunguru, bali hutafuta tundu katika mti mkongwe. Katika bonde la Pantanal, huko Brazil, viota vyake karibu vyote vimo katika mti wa namna moja uitwao manduvi, na mti huo hauna shimo la kumtosha mpaka umefika umri wa miaka 60 au zaidi. Tafakari basi, ewe msomaji: mtu akikata mti mmoja wa namna hiyo leo, hata akipanda mwingine kesho yake, kinda wa arara hatalala ndani yake ila baada ya maisha ya mwanadamu mzima.

Juu ya hayo wakaja wategaji. Katika miaka ya 1980 peke yake wachunguzi wamekisia kuwa arara wa buluu wasiopungua 10,000 walikamatwa porini wakauzwa. Ndipo mwaka 1987 biashara ya kimataifa ya ndege hao wa porini ikapigwa marufuku. Na hapa ndipo ilipo siri ya bei: ndege alipokuwa mwingi alitegwa kwa sababu ni mzuri, alipopungua akategwa zaidi kwa sababu ni nadra. Kila mmoja aliyekamatwa aliwapandishia bei waliobaki, na kila bei ilipopanda, mtegaji mwingine alichukua kamba akaingia mwituni. Uchache huzaa ughali, na ughali huzaa uchache, mpaka kisibaki cha kuuzwa.

NDEGE ALIYEKWISHA PORINI

Msidhani twatia chumvi. Uko mfano ulio wazi. Alikuwako huko Brazil arara mdogo wa buluu iliyopauka, aliyeitwa kwa jina la Mjerumani Spix, ambaye ndiye aliyempata mwaka 1819. Ndege huyu makao yake yalikuwa katika nchi kavu yenye miti michache kando ya mito. Miti ikakatwa, na waliobaki wakawindwa kwa ajili ya matajiri waliotaka kuwa na kitu ambacho jirani hana. Mwaka 1990 watafutaji walizunguka nchi yote ile wakamkuta dume mmoja tu. Dume huyo kwa kukosa wa jinsi yake alikuwa akifuatana na jike wa kasuku wa namna nyingine. Mwaka 1995 wakamletea jike wa jinsi yake aliyekuwa amefugwa, lakini jike huyo hakudumu. Na mwaka 2000 dume naye akatoweka, asionekane tena.

Kwa hiyo ndege wote wa jinsi hiyo waliosalia duniani wakawa ni wale waliomo katika vizimba vya watu. Na wengi wao walikuwa kwa bwana mmoja Mwarabu, Sheikh Saud bin Mohammed Al-Thani wa Qatar, aliyewakusanya katika shamba lake la Al Wabra, akawaajiria madaktari na watunzaji ili wazaliane. Bwana huyo alifariki mwaka 2014. Baadaye ndege hao wakapelekwa Ujerumani, na mwaka 2020 ndege 52 wakarudishwa Brazil, na mwaka 2022 wakaanza kuachiliwa porini, wachache wachache, kwa gharama kubwa na mashaka mengi.

Hapa pana mafunzo mawili, na yote mawili ni ya haki. La kwanza ni kwamba tamaa ya wenye fedha ilisaidia kuimaliza jamii nzima ya kiumbe. La pili ni kwamba mwenye fedha aliyekusudia kutunza, alisaidia kuibakiza mbegu yake. Fedha ni ile ile. Nia na matendo ndiyo yaliyotofautiana. Walakini tazama tofauti ya kazi: kumtoa ndege mwituni ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye kamba, na kumrudisha kumewachukua watu wa mataifa manne au matano zaidi ya miaka 20.

NA HUYU WA KWETU

Sasa turudi nyumbani. Kasuku wa Afrika, ndugu zake wale arara, ni huyu wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye Waganda humwita enkusu. Kwa umbo ni mdogo, urefu wake kama sentimita 33, lakini kwa kusema hapana kasuku amshindaye. Nchi yake yaanza Afrika ya Magharibi, yapita misitu mikubwa ya Kongo, yavuka Uganda, na yakomea upande huu wa Ziwa: kidogo katika msitu wa Kakamega huko Kenya, na kidogo kaskazini magharibi ya Tanzania, yaani Kagera yetu. Basi sisi tumekaa penye ukingo wa nchi yake. Na mambo ya ukingoni hutangulia kukatika, kama upindo wa nguo.

Jinsi wategaji wanavyomkamata katika misitu ya Kongo na Kameruni ni hivi. Kasuku hupenda kukusanyika, mamia kwa mamia, katika mti mmoja wa kulala au penye maji na chumvi. Mtegaji humfunga kasuku mmoja juu ya mti ili awaite wenzake, naye huyapaka matawi ulimbo. Wenzake husikia sauti ya mmoja wao, huja kwa wema, na hunaswa. Hukatwa manyoya ya mbawa, hujazwa katika masanduku na vikapu, na husafirishwa katika giza na joto bila maji ya kutosha. Wengi hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Makisio ya wachunguzi mahali pengine yamefika nusu yao na kupita. Kwa hiyo mtu aonyeshwapo kasuku mmoja mzima kizimbani, na ajue kuwa pengine yuko mwenzake aliyetupwa njiani, na bei ya huyo aliyekufa imo ndani ya bei ya huyu.

Tangu miaka ya 1970 kasuku wa kijivu waliouzwa nje kwa hesabu za serikali wamezidi milioni 1, na wale wa magendo hawamo katika hesabu hiyo. Nchi ya Ghana ilikuwa na ndege hao kwa makundi makubwa. Wachunguzi waliorudi kuwahesabu walikuta kuwa tangu mwaka 1992 wamepungua kwa asilimia 90 hata 99. Yaani palipokuwa na kasuku mia, pamebaki kumi, na pengine mmoja. Kwa ajili hiyo, mataifa ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, yalikutana Johannesburg mwaka 2016 wakakata shauri, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu aliyekamatwa porini imekatazwa. Waruhusiwao ni wale waliozaliwa katika mabanda yaliyoandikishwa, kama yale ya Afrika ya Kusini, tena kwa hati. Ndiyo sababu wafanya magendo hupenda kusema kuwa ndege wao amezaliwa bandani. Kijana, ukiambiwa hivyo na mtu aliyeshika kikapu usiku kando ya mpaka, jiulize banda hilo liko wapi.

Tena tunayo habari ya kutupa moyo hapa karibu. Katika kisiwa cha Rubondo, kusini ya Muleba, ambacho kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, waliachiliwa mwaka 2000 kasuku wa kijivu walionyang'anywa wafanya magendo. Waliokuwa wamefungwa kwa ajili ya kuuzwa wakafunguliwa mabawa juu ya maji ya Ziwa letu.

JE, KUFUGA KUNA UBAYA?

Swali la pili ni la kufuga. Hapa tuseme kwa uangalifu, kwa kuwa si haki kuharimisha lililo halali. Wanachuoni wengi wameruhusu kufuga ndege, na hoja yao ni habari mashuhuri ya mtoto Abu Umair, aliyekuwa na kidege chake cha kuchezea, na Mtume wetu (s.a.w.) alipomwona ana huzuni kwa kufa kwa kidege hicho, alimsemesha kwa upole na kumliwaza. Hakumkaripia kwa kufuga. Lakini Mtume huyo huyo (s.a.w.) ametuhadithia juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Na safarini, masahaba walipochukua makinda wawili wa ndege, na mama yao akaja akitapatapa juu ya vichwa vya watu, aliamrisha warudishwe kwa mama yao. Nayo Kurani tukufu, katika Sura ya Al-An'am, yatufundisha kuwa ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu sisi. Ukiziweka habari hizi pamoja, utaona kuwa ruhusa ipo, na masharti yapo: chakula, maji, nafasi, huruma, na kutowatenga watoto na mama zao.

Sasa tupime masharti hayo kwa kasuku. Kwanza, umri. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huishi miaka 40 na zaidi, na arara wakubwa huishi miaka 50 na wengine hupita hapo. Mtu wa miaka arubaini anunuaye kinda leo, huenda akamwacha duniani. Nani atamrithi? Je, mke, watoto na wajukuu wamekubali kuuchukua mzigo huo? Mali ya kawaida hugawanywa kwa mirathi. Lakini kiumbe aliyezoea sauti ya mtu mmoja hagawanyiki.

Pili, upweke. Kasuku hakuumbwa kukaa peke yake. Huko mwituni hulala na wenzake na kuamka na wenzake, na dume na jike hushikamana kwa miaka mingi. Akifungiwa peke yake siku kutwa, watu wamekwenda shambani na dukani, hupiga kelele mpaka majirani wakose raha, na wengine hujing'oa manyoya yao wenyewe kifua kikabaki kitupu. Ndege aliyenunuliwa kwa uzuri wa manyoya, huyang'oa kwa huzuni. Na tajiri asijue la kufanya.

Tatu, chakula na afya. Si kila tulacho chamfaa. Parachichi, ambalo kwetu Kagera laanguka chini ya miti na kila mtoto huokota, ni sumu kwa kasuku na laweza kumwua. Chokoleti nayo ni sumu kwake. Tena kasuku aweza kumwambukiza mwanadamu maradhi ya homa yaingiayo mapafuni, nayo hupitia vumbi la kinyesi na manyoya yake. Kwa hiyo kizimba chataka kusafishwa kila siku, na nyumba yenye watoto wachanga na wazee yapasa kujihadhari zaidi. Na mganga wa ndege wa namna hii si rahisi kumpata vijijini kwetu.

Nne, akili yake. Sisi walimu wa chuo tuna desturi ya kumwambia mtoto asomaye bila kuelewa kwamba anasoma kama kasuku. Kumbe twamdhulumu kasuku! Mwaka 1977 bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Irene Pepperberg, alimnunua dukani huko Chicago kasuku wa kijivu aliyemwita Alex, akamfundisha kwa miaka 30. Ndege yule alijifunza majina ya vitu, rangi na maumbo zaidi ya 100. Akaweza kuhesabu vitu mpaka sita. Na alipoonyeshwa vitu viwili akaulizwa ni kipi kilicho tofauti baina yao, alijibu rangi, au umbo, au kile kilichotengenezewa. Alikufa mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 31. Mtu aweza kufurahi kwa habari hii akasema, basi ndege huyu yafaa kumnunua. Sisi twasema kinyume chake: kiumbe mwenye fahamu kiasi hicho, kumfungia katika kizimba cha waya barazani ili wageni wacheke, ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Adhabu ya kifungo humwuma zaidi mwenye akili kuliko asiye nayo.

Kwa hiyo jibu la swali la pili ni hili. Kufuga ndege si haramu kwa asili yake. Lakini kumfuga kasuku mkubwa kwa haki ni amana ya miaka hamsini, na ni wachache mno wawezao kuitimiza. Mwenye kujijua kuwa hawezi, asiichukue. Na asemaye ataweza, asinunue aliyetolewa mwituni, maana huyo ameanza amana yake kwa dhuluma.

AKIBA YAKO, KIJANA

Swali la tatu ndilo lililotutia hofu. Twakujibu wazi, mwanangu: usitie akiba yako humo, wala usikubali kuwa mchukuzi wa mwenzio.

Kwanza, kwa sababu ya sheria ya nchi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza mtu kukamata, kumiliki au kuuza mnyama au ndege wa porini bila kibali. Mashtaka ya namna hii huweza kufunguliwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi, ambako dhamana haipatikani kwa wepesi, na mtu aweza kukaa rumande muda mrefu kabla kesi haijasikilizwa. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha kabisa upelekaji wa wanyama hai nchi za nje. Hata ng'ambo ya mpaka, Uganda nayo ina sheria zake na askari wake. Na huko wanunuzi waliko milango imefungwa vile vile: Marekani ilitunga sheria ya kuzuia ndege wa porini mwaka 1992, na nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza kuwaingiza tangu mwaka 2007. Basi faida uliyoambiwa ni faida ya nani? Mwenye mali yuko mbali na jina lake halijulikani. Anayekamatwa na kikapu Mutukula ni kijana wa Muleba, na anayeuza ng'ombe kumlipia wakili ni baba yake.

Pili, kwa sababu mali ya namna hii haina msingi. Umemsikia mtu akilinganisha kasuku na kahawa. Tulinganishe basi kwa haki. Mkahawa ukiupalilia na kuupunguza matawi huzaa mwaka huu na mwaka ujao, na watoto wako watauchuma. Lakini kasuku akitolewa mwituni mara moja, mwitu haukupi mwingine mwaka ujao mahali pake. Huo si uchumaji bali ni kula mbegu. Tulikwisha kuona jinsi Ghana ilivyoliwa mbegu yake. Na sisi tuliopo ukingoni tunacho kidogo zaidi cha kula.

Wala hatukwambii ukae mikono mitupu. Ukipenda ndege, fuga kuku wa kienyeji, bata au njiwa, ambao wamezoea kuishi na mwanadamu, huzaliana upesi, na soko lao halina magendo. Ukipenda kuona kasuku, Rubondo si mbali, na vijana waliojifunza majina ya ndege na lugha za wageni wamepata kazi ya halali ya kuongoza watazamaji katika hifadhi. Vivyo hivyo msitu wa Minziro, katika wilaya ya Missenyi, una ndege wa misitu ya Kongo ambao hawapatikani penginepo katika Tanzania, na wapenda ndege husafiri toka mbali kuja kuwatazama tu, wakaondoka bila ya kuchukua hata unyoya. Hao nao hulipa. Tena ndege yule yule hutazamwa leo na kesho, asipungue.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Mwisho twawaelekea wazee wetu, akina baba na akina mama. Desturi ya vibanja vya Kihaya tangu zamani ilikuwa kuacha miti mirefu kati ya migomba: misizi na mitoma, kwa kivuli, kwa mbao na kwa faida nyingi. Siku hizi miti hiyo yakatwa kabla haijazeeka, kwa kuwa mbao na mkaa vina bei. Twajua shida za watu, na hatumzuii mtu kuvuna mti wake. Lakini palipo na mti mkongwe wenye tundu, hata kama mbao yake haina thamani tena, mwacheni usimame. Tundu hilo ni nyumba ya bundi, ya hondohondo, na kasuku naye, akiwapo, hana nyumba nyingine. Mti uonekanao hauna kazi kwa mwanadamu, pengine ndio wenye kazi kubwa kuliko yote.

Na watoto wenu wakiona katika simu arara mwekundu juu ya bega la tajiri, msiwafukuze wala msiwakemee. Kaeni nao. Waelezeni kwao ndege yule ni wapi, hutaga mayai mangapi, mti wake hukua miaka mingapi, na wangapi walikufa ili mmoja apigwe picha. Mtoto aliyeyajua hayo ataendelea kumwona ndege kuwa ni mzuri, bali hatatamani kumfunga. Nasi twadhani hiyo ndiyo tofauti baina ya kupenda kitu na kukitaka.

Kijana wetu wa Muleba, tumekwisha kukujibu. Akiba yako ni jasho lako. Iweke mahali ambapo utaweza kuitaja mbele ya watu na mbele ya Mola wako. Na ikiwa yule mtu wa kikapu atakujia tena, usibishane naye; nenda katika ofisi ya maliasili ya wilaya, au kwa mwenyekiti wa kijiji unayemwamini, ukaeleze.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Wassalaamu alaykum.